Catherine Schubert na viazi vya Thompson

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni mwanamke gani wa karne ya 19 tungependa watoto wetu wamjue, na kwa nini. Wangu ni Catherine Schubert, mzaliwa wa Ayalandi, mwaka 1835.

Alihamia Marekani akiwa msichana, akafanya kazi za ndani Massachusetts, akaolewa na Augustus Schubert, seremala Mjerumani. Wakahamahama hadi Fort Garry, mahali ambapo leo ni Winnipeg, Kanada. Mwaka 1862 wanaume wapatao 150 walijikusanya kwenda kutafuta dhahabu ya Cariboo, eneo la British Columbia, magharibi mwa Kanada ya leo, ng'ambo ya milima ya Rocky. Augustus akataka kwenda. Catherine, mwenye watoto watatu na ujauzito juu, alikataa katakata kuachwa. Akawa mwanamke pekee katika msafara.

Mikokoteni waliiacha Edmonton, maana milimani isingepita. Catherine akapanda farasi mwenye vikapu viwili, kimoja kila ubavu, na katika kila kikapu mtoto. Mdogo alibebwa na baba yake. Akiba ilipokwisha wakaanza kuchinja wanyama waliowabebea mizigo. Ng'ambo ya milima msafara uligawanyika: wengi waliteremka mto Fraser kwa vyelezo, akina Schubert wakafuata mto Thompson wa kaskazini.

Hapa ndipo mimi huona uzito wa kisa hiki. Njaa ikiwa imewazidi, walikuta kijiji cha wenyeji kilichofagiliwa na ndui, wakachimba viazi vilivyobaki shambani, wakala. Ndui hiyo ilikuwa imeingia mji wa Victoria, pwani ya British Columbia, mwaka huohuo kwa meli kutoka San Francisco, mji uleule uliokuwa ukimwaga watafuta dhahabu. Watoto wa wahamiaji wakashibishwa na jasho la watu waliouawa na maradhi ya wageni. Siwezi kumsifu Catherine nikaliruka hilo.

Tarehe 14 Oktoba, karibu na Kamloops, uchungu ulimshika. Aliyemzalisha ni mwanamke mwenyeji, wa jamii ya Secwepemc. Mtoto akaitwa Rose.

Wasimulizi wengi huishia hapo, nami naona wanamdhulumu. Augustus aliendelea kuifukuzia dhahabu. Catherine, katika mji wa Lillooet, hukohuko British Columbia, akawa na nyumba ya kuendesha, watoto wa kulea, na bado akafundisha watoto wa eneo lile nyumbani kwake. Baadaye alifanya kazi ya ulezi katika shule ya bweni ya Cache Creek. Mwaka 1883 familia ilitulia kwenye kilimo bonde la Spallumcheen, naye akafariki huko Armstrong mwaka 1918. Safari ilikuwa ya miezi michache. Kazi hiyo ilikuwa ya miaka, na ndiyo iliyoikuza familia.

Mkilichapa jibu hili na nafasi ikawa finyu, punguzeni habari za milima. Viazi na mkunga naomba vibaki.