Ukianza kazi saiti Mwanza, anza na buti

Wadogo zangu mnaoingia saiti, hata kabla hujafikiria koleo, shughulikia buti. Mji wetu umekaa juu ya majabali. Ukipata kibarua Mabatini au Igogo, saruji utaipandisha mlimani kwa mguu maana gari halifiki, ushuke, uchukue mfuko mwingine. Buti baya linajulikana hapo: kupanda linachubua kisigino, kushuka linaponda vidole.

Nenda kununua jioni, na soksi zako za kazini. Mguu huvimba kidogo kutwa, kwa hiyo lililokukaa vizuri asubuhi linaweza kukubana saa tisa. Vaa yote mawili, maana watu wengi mguu mmoja umezidi mwenzake, na saizi hufuata ule mkubwa. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele hadi dole liguse, kisha penyeza kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja kwa kubanwa, hiyo ndiyo saizi yako. Vikiingia viwili, ni kubwa. Sasa funga kamba utembee, na kama kuna ngazi, panda ushuke. Kisigino kikiinuka ndani, liache hata kama bei ni nzuri. Muuzaji atakwambia litajiachia. Ngozi ya pembeni kweli hulegea, ila chuma cha mbele kinachokinga vidole hakitanuki kamwe, na linalogusa dole dukani ukishafunga kamba litakung'oa kucha mlimani.

Kisha ugumu. Shika ncha na kisigino, likunje. Likunjike pale vidole vinapoanzia. Linalokunjika katikati kama chapati litakuumiza nyayo ukisimama kwenye ngazi. Lisilokunjika kabisa nalo litachomoa kisigino kila hatua.

Soko la Mlango Mmoja kuna mabuti mazuri ya mtumba, nami napapenda. Lakini bonyeza pembeni ya soli kwa kucha. Soli nyingi ni za poliuretani, ambayo huoza taratibu kwa unyevunyevu hata buti likiwa limekaa tu bila kuvaliwa. Juu linang'aa, ukilivaa siku chache soli inamenyeka. Ikitoka unga kwenye kucha, lirudishe mezani. Soma na alama kwenye ulimi wa buti: S3 maana yake chuma cha mbele kimepimwa kuhimili pigo la jouli 200, na soli ina bamba la kuzuia msumari. S1 peke yake haina bamba. Mbao za kumwagia zege zimejaa misumari, kwa hiyo S1 siishauri kabisa.

Siku ya zege vaa gambuti, kwani zege bichi linaunguza ngozi. Kazi ikiisha zivue. Kisigino hucheza ndani yake, na kushukia jabali hivyo ni hatari.

Buti la ngozi likilowa, usilianike juu ya jabali la moto, ngozi itakakamaa na kupasuka. Toa soli ya ndani, lijaze magazeti, uliweke kivulini penye upepo. Magazeti yakilowa, badilisha.