PHP, Django au Node.js kwa tovuti ya maktaba?

SWALI: Natengeneza tovuti ya maktaba yenye vitabu kama 40,000 pamoja na kumbukumbu za walioazima. PHP naijua kiasi, ila wenzangu wananicheka. Mmoja anasema nihamie Node.js (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva) kwa sababu ina kasi, mwingine ananivutia Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti. Nishike ipi?

JIBU: Baki na PHP, ila isiwe ile ya mafunzo ya zamani. Ukikuta somo lenye mysql_query, amri ya zamani ya kuiuliza hifadhidata ya MySQL, lifunge. Amri za aina hiyo ziliondolewa katika PHP 7.0 mwaka 2015. Tumia PDO, kiunganishi cha PHP na hifadhidata, na chochote anachoandika mtumiaji kipitishe kama kigezo cha hoja iliyoandaliwa (prepared statement). Ukikibandika moja kwa moja ndani ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, umemkabidhi mdukuzi ufunguo.

Hiyo kasi wanayokutisha nayo haipo kwenye lugha. Muda mwingi ukurasa wako utakuwa unaingoja hifadhidata, na vitabu 40,000 kwa MySQL ni mzigo mwepesi mradi safu unazotafutia zina faharasa (index). Kinachoua tovuti za aina hii ni kuvuta vitabu 50, halafu ndani ya kitanzi ukauliza mwandishi wa kila kimoja: hoja 51 mahali ambapo JOIN moja, yaani hoja inayounganisha majedwali, ingetosha. Kosa hilo halichagui lugha. Django hata hulificha, maana ORM yake (sehemu inayokuandikia SQL) huuliza kimyakimya mpaka ukumbuke select_related, inayovuta vyote kwa hoja moja.

Node.js ina uzi mmoja unaohudumia maombi mengi yanayosubiri. Inafaa sana kwa gumzo la papo kwa papo, lakini hesabu moja nzito huwakwamisha wote waliopo kwenye foleni. PHP kwa kawaida huanza upya kwa kila ombi, kisha husafisha kila kitu. Watu huiona ni udhaifu. Mimi imeniokoa mara nyingi.

Django ndiyo ingenifanya nisite. Ukishaeleza majedwali yako, inakupa kurasa za usimamizi za kuingiza na kuhariri vitabu, na hiyo ni karibu nusu ya kazi yako. Kama hujafika mbali na Python haikutishi, ijaribu.

Kama umeshafika mbali, washa kwanza kumbukumbu ya hoja za polepole kwenye MySQL. Kiwango chake cha awali cha kuihesabu hoja kuwa ya polepole ni sekunde 10. Shusha long_query_time iwe 1, kisha kila hoja itakayonaswa itangulizie neno EXPLAIN uone ni jedwali gani linasomwa lote.