Kabla Hamjagoma, Someni Habari za Local 25

Kila uchaguzi wa matawi ya chama cha wafanyakazi ukimalizika, napigiwa simu na viongozi wapya wa viwanda vya nguo vya Athi River na Ruaraka, hapa Kenya. Swali lao huwa lilelile: tugome lini? Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi kabla sijaachana na cherehani, na jibu langu halijabadilika. Kwanza someni habari za Local 25 ya New York, na msiishie kwenye mgomo.

Hilo lilikuwa tawi la mafundi wa blauzi za kike, chini ya ILGWU, chama cha Marekani cha mafundi wa nguo za kike kilichoanzishwa mwaka 1900. Tawi lenyewe lilizaliwa 1906, na kufikia Novemba 1909 lilikuwa na wanachama wapatao 100 na dola 4 kwenye hazina. (Viongozi wetu wapya wakisikia hesabu hiyo hucheka, maana wao huanza na zaidi.) Mafundi wengi walikuwa wasichana wa Kiyahudi kutoka Ulaya Mashariki, pamoja na Waitaliano, na baadhi yao hawakuwa wametimiza miaka 20. Walilipishwa sindano, uzi, hata umeme wa mashine za tajiri. Aliyekaa kwenye laini ya cherehani ataelewa. Kwetu sindano ikivunjika lazima uokote kila kipande, ukibandike kwenye karatasi, supavaiza aandike daftarini, ndipo upewe nyingine. Kipande kikikosekana watu wanapiga magoti sakafuni kukitafuta, na tageti ya saa hiyo haipunguzwi. Kutafuta kuna sababu, kwa kuwa chuma kikibaki ndani ya nguo ya mtoto ni hatari. Kumkata fundi pesa za sindano ndiko sijawahi kuona sababu yake.

Tarehe 22 Novemba 1909 mafundi walijaa ukumbi wa Cooper Union. Wakubwa, akiwemo Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Marekani, walihutubu kwa karibu saa mbili, wakishauri tahadhari. Clara Lemlich, fundi wa miaka 23 ambaye wahuni walikuwa wamempiga hadi kumvunja mbavu katika mgomo wa kiwanda chake, akaomba nafasi. Alisema kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwamba hana subira tena ya kusikiliza maneno matupu, akapendekeza mgomo wa jumla, na ukumbi mzima ukamuunga mkono. Mafundi kama 20,000 wakatoka kazini, na zaidi ya 700 wakakamatwa. Waajiri walipopeleka kazi Philadelphia, mafundi wa huko nao wakagoma mwezi uliofuata. Kwa hiyo tajiri akiwatisha kwamba atahamishia oda Ethiopia, jueni mbinu hiyo ni kongwe, na dawa yake ni kongwe vilevile: kuwa na namba za simu za wenzenu wa upande wa pili kabla hamjazihitaji.

Wasomaji wengi huachia hapo, na ndipo mambo yanapoanza. Kufikia Februari 1910 viwanda zaidi ya 300 vilikuwa vimetia sahihi: wiki ya saa 52, sikukuu nne zenye malipo, vifaa juu ya mwajiri. Tawi likapata maelfu ya wanachama. Lakini kiwanda cha Triangle, mojawapo ya vile vilivyogoma mapema, kilikataa kukitambua chama. Max Blanck na Isaac Harris, wenye kiwanda, waliongeza malipo na kupunguza saa, basi. Madai ya usalama hayakupata wa kuyasimamia. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka ghorofa ya 8. Ghorofa ya 10, yenye ofisi, ilipigiwa simu. Ya 9 haikuambiwa. Mlango mmoja wa ghorofa hiyo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wasichana walitakiwa kutoka kwa njia moja wapekuliwe mikoba. Watu 146 walikufa, makumi kati yao wakiruka madirishani. Desemba mwaka huohuo Blanck na Harris wakaachiliwa na mahakama.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na kama hamna muda chukueni huu peke yake. Mkiletewa makubaliano ya kurudi kazini, msianze na ukurasa wa nyongeza ya mshahara. Tafuteni kisichoandikwa. Je, chama kimetambuliwa? Sheria yetu ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 54, inamtaka mwajiri akitambue chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Bila hapo hamna mkataba wa pamoja, na ahadi ya meneja huondoka na meneja. Kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa askari ambaye saa nne huenda kunywa chai. Meneja aliahidi mara kwa mara kuliondoa. Lililotufaa ni kamati ya usalama, ambayo sheria nyingine ya 2007, ile ya Usalama na Afya Kazini, inaitaka mahali popote penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kila Jumatatu asubuhi mjumbe mmoja alizunguka akisukuma kila mlango kwa mkono wake, akaandika saa na hali aliyoukuta nayo, na nakala ikaenda kwa afisa wa kazi. Kufuli likaondoka bila mtu kupiga kelele.

La pili ni lugha. Mikutano ya Local 25 iliendeshwa zaidi kwa Kiyidi, na fundi wa Kiitaliano alikaa pale kama mgeni msibani. Waajiri waliliona na wakalitumia. Mwaka 1919 Waitaliano wakapata tawi lao wenyewe, Local 89, likaja kuwa kubwa mno. Kwetu mkataba wa pamoja huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Usomeni kwa sauti wakati wa chakula, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, na mkiweza kwa Kikamba pia. Mtu hatetei asichokijua.

Ada sitaiongelea sana. Makato yapitie kwenye mshahara kwa Fomu S, fomu ya kisheria ya kumruhusu mwajiri akate ada, mbaki na nakala zenu, na mweka hazina asome hesabu hadharani. Local 25 ilipotulia ilianzisha masomo kwa wanachama na hata nyumba ya mapumziko. Wanachama wakiona ada inarudi kwao hawalalamiki.

Wafadhili nao muwakaribishe jicho moja likiwa wazi. Katika mgomo wa 1909 matajiri wa kike, akiwemo Anne Morgan, binti wa mwenye benki, walichanga pesa na kusimama na wagomaji. Januari 1910 Anne Morgan akachukizwa na siasa za Kisoshalisti za baadhi ya viongozi, akawashutumu hadharani huku mgomo ukiendelea.

Namba 25 haikuishia hapo, ingawa tawi liligawanywa na kuunganishwa na mengine. Mwaka 1982 ilikuwa Local 23-25, na wanachama wake wengi walikuwa akina mama wa Kichina wa Chinatown ya New York. Wenye viwanda, Wachina wenzao, walikataa mkataba mpya wakidhani damu ni nzito kuliko chama. Tarehe 24 Juni akina mama wapatao 20,000 walijaa Columbus Park, na wenye viwanda wakaanza kusalimu amri. Wengi wa akina mama hao walishikilia kazi ile kwa sababu ya bima ya afya ya chama, iliyotibu familia nzima.

Kwa hiyo kabla hamjaandika madai, waulizeni akina mama wa kwenye laini ni nini kinawachosha, na msiwape orodha wachague. Mimi nilipouliza, hakuna aliyetaja mshahara kwanza. Walitaja kadi ya choo: moja kwa laini nzima, imening'inizwa shingoni mwa supavaiza, na mwenye mimba anaisubiri kama wengine. Tulidai kadi hiyo iondolewe, ikaondolewa, na wiki hiyo fomu za kujiunga zilituishia.