Mjomba, mbona ukiulizwa habari za jeshi unabadilisha mazungumzo?

Mpwa wangu, ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kazini, usiku nikaurudia. Unasema umemaliza kujitolea JKT pale Bulombora na ajira haijapatikana, sasa bahati nasibu ya viza imekuangukia, na ukifika Marekani unataka kuingia jeshini kama mimi. Ukaongeza: "Wewe ulikwenda mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha, umerudi mzima, umemjengea bibi nyumba Mwandiga. Mbona ukiulizwa habari za jeshi unabadilisha mazungumzo?" Wenzako wa Mwanga na Ujiji nao wananiuliza hilohilo. Basi najibu hapa, msome wote, na dada asomewe.

Nianze na manufaa, maana yapo. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu kinachotokana na bahati nasibu hiyo, anaruhusiwa kujiunga. Mshahara hauchelewi, matibabu yapo, na ukitumikia miaka mitatu kamili serikali inakulipia chuo kwa miezi 36. Tangu amri ya Rais George W. Bush ya Julai 2002, askari mgeni anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka mitano kama wahamiaji wengine. Nyumba ya Mwandiga imetoka humo, nami nashukuru.

Ila ofisa wa usajili atakueleza hayo kwa kirefu, na mengine atayapitia mbiombio. Mkataba wa kwanza, hata ukiandikwa miaka minne ya kazi, unakufunga miaka 8 kwa jumla; ile inayobaki unakaa akiba na unaweza kuitwa tena. Uraia ulioupata kwa njia hiyo unaweza kufutwa ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu kabla hujatimiza miaka mitano ya utumishi. Na ukishaapa kuwa Mmarekani, Utanzania wako umekwisha, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi naja kumwona mama yangu kwa viza. Kila nikijaza ile fomu naumia.

Sasa hilo la hiari, ambalo ndilo ulilonishika nalo.

Marekani iliacha kuandikisha watu jeshini kwa lazima mwaka 1973, na mimi naamini walifanya vema. Sisi wa Kigoma na Tabora tunajua lazima ilivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikamata watu wetu wakawafanya wapagazi, kisha wakaja Wabelgiji, wakaichukua Kigoma na Tabora mwaka 1916, nao wakahitaji migongo ya kubeba mizigo. Hakuna aliyemuuliza babu wa mtu kama anataka. Kwa hiyo sidharau nafasi ya kuulizwa.

Lakini jeshi la hiari lina gharama yake. Nchi nzima inaendelea na shughuli zake, na watu walewale wachache wanapelekwa, wanarudi, wanapelekwa tena. Raia wa huku wakijua ulikuwa askari wanakushukuru dukani, wanashika mkokoteni wao wanaondoka. Hawana la kukuuliza. Na wewe mwenyewe unajifunga mdomo, kwa sababu kila ukitaka kulalamika kuna sauti inakujibu: si ulijitakia? Aliyeburutwa anaye wa kumlaumu. Sisi tuliosaini tunaibeba lawama yote peke yetu, hata ile isiyotuhusu. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko vita vyenyewe, na ndilo linalonifanya nibadilishe mazungumzo.

Mimi nilikuwa dereva wa malori ya mizigo Afghanistan, upande wa Kandahar. Adui wa dereva alikuwa bomu la kutegwa, na mahali palipopendwa sana kutegwa ni ndani ya kalavati, chini ya barabara. Basi ukiwa kwenye usukani macho yanatafuta kalavati, udongo uliochimbuliwa karibuni, waya, gunia lililoachwa. Amri ya msafara ilikuwa usisimame. Siku moja lori lililokuwa mbele yangu liligonga mkokoteni wa mzee mmoja wa matikiti. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, amekaa chini barabarani, anashika mguu, matikiti yametapakaa. Hatukusimama. Amri ilikuwa sahihi, kwani msafara ukisimama hupigwa. Lakini yule mzee sijui kama alinyanyuka, na hakuna afande awezaye kunijibu.

Nilipokuja likizo, barabara ya Kasulu ilikuwa inachimbwa ili iwekwe lami. Tuko kwenye Hiace mimi na mama, nikaona mdomo wa kalavati jipya na udongo mbichi pembeni. Nikapiga kelele kwa Kiingereza: simama! Dereva akafunga breki, abiria wakanigeukia, kuku wa mtu wakaanza kupiga kelele chini ya kiti. Mama hakuuliza kitu. Alinishika goti, akamwambia dereva, "Mwanangu amesikia kichefuchefu, baba, twende taratibu." Tulifika Kasulu bado amelishika.

Madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa wa kiwewe cha vita kwenye kitabu chao rasmi cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya askari wa Vietnam kupigania sana watambuliwe. Ile ya kalavati iko humo. Ile ya mzee wa matikiti ni nyingine: huku wanaiita jeraha la dhamiri. Woga dawa yake ni mazoezi ya kuzoea tena kile kinachokutisha, na mimi mazoezi hayo yalinisaidia. Dhamiri inataka uongee na watu wanaoweza kukusikiliza bila kukutetea wala kukuhukumu, na watu hao ni wachache.

Nikakumbuka baba yetu mdogo wa Ujiji, aliyekwenda vita ya Kagera 1978 akiwa mgambo. Alirudi akawa halali ila mgongo ukiwa ukutani, na mtoto akimgusa kwa nyuma anarukwa na akili. Ukoo ukasema amechezewa. Akapelekwa kwa waganga, akafungwa hirizi, akafa bila mtu hata mmoja kumuuliza aliona nini kule. Tulimpenda sana na tulimwacha peke yake.

Usidhani mambo haya ni ya watu dhaifu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walikadiria kwamba askari na maveterani 30,177 wa vita vilivyofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001 walikuwa wamejiua, wakati waliokufa kwenye operesheni zenyewe walikuwa 7,057. Msaada upo huku Marekani: veterani akizidiwa anapiga 988 kisha anabonyeza 1, anapokelewa saa yoyote. Mimi nimeutumia. Naandika hili waziwazi ili kijana wa Kigoma akilihitaji asione haya.

Na kuna baba mkubwa. Alipofariki nilikuwa Kandahar. Kwenye fomu yangu ya likizo ya dharura huyu aliyenisomesha hakuandikwa baba, akaandikwa "mjomba". Sikupata ruhusa. Alizikwa bila mimi.

Hiari nayo ina mazingira yake. Mtanzania mwenzetu aliyekuwa masomoni Urusi alifungwa jela, akaahidiwa kuachiwa akienda kupigana upande wa Wagner, kundi la Kirusi la askari wa kukodiwa, akaenda. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022, mwili ukarudi nyumbani Januari 2023. Alisaini mwenyewe, ndiyo, lakini alisaini akiwa gerezani. Wewe huko gerezani, ila mfuko mtupu na aibu ya kukaa kibarazani baada ya JKT ninavijua, na sitaki viwe ndivyo vinavyoshika kalamu.

Sikukatazi. Ukija, fikia kwangu, fanya kazi ya kawaida kwanza mwaka mzima, uione nchi hii bila gwanda. Ukiwa bado unataka, dai kazi utakayofanya iandikwe ndani ya mkataba, maana ahadi ya mdomo ya ofisa haina nguvu. Mwambie mama yako kabla ya kusaini, asije akasikia kwa watu. Nawe dada, akienda akarudi mkimya, mpe chakula, kaa naye, na neno "ulijitakia" lisitoke kinywani mwa yeyote nyumbani kwetu.

Siku ya kusaini ikikaribia, nipigie kwa video, uweke kurasa za mkataba mbele ya kamera, tuzisome pamoja moja baada ya nyingine. Ofisa akikwambia hakuna muda wa hayo, toka ofisini kwake siku hiyo hiyo.