Kalavati zima, barabara imekatika

Kaka, umeuliza inakuwaje kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) la njia yenu ya kule Mtama, Lindi, libaki zima halafu barabara ikatike. Maji hayapiti ndani ya bomba tu. Yakizidi uwezo wa mdomo hujaa upande wa juu, yakatafuta upenyo kati ya bomba na kifusi, yaani udongo uliojazwa kulizunguka. Mchanga wetu usiposhindiliwa vizuri huchukuliwa chembe kwa chembe, mpaka panakuwa na pango chini ya barabara. Lori moja la korosho linatosha kuibomoa. Ndiyo maana kuta za mdomoni na ushindiliaji wa tabaka kwa tabaka si mapambo!

Mimi huanza kukagua upande wa chini, maji yanakotoka bombani. Ukikuta shimo limechimbika na ncha ya bomba inaning'inia, wahini kupanga mawe makubwa hapo kabla ya mvua za Desemba.

Na msikubali kuwekewa mabomba mawili ya kipenyo cha sentimita 60 badala ya moja la 120. Tundu la 120 lina eneo mara 4 ya la 60, kwa hiyo mawili ni nusu tu. Tena madogo huzibwa upesi na matawi ya mikorosho.