Wamisionari wapya kijijini: waanzie wapi?

Ndugu, umeuliza vijana wawili wa kimisionari wa Kimormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho) waanzie wapi wakihamia kijijini Chamwino, Dodoma. Kwanza kabisa waripoti kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, na vitambulisho mkononi. Wakitangulia kupiga hodi nyumba kwa nyumba, watu watawashuku. Wao wawasalimie wazee "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, wasikimbilie mada.

Kitakachowakwamisha zaidi ni chai. Mwenyeji akishamimina kikombe, kukataa kunamuumiza. Kwa hiyo waseme mapema, wakati wanasogezewa kigoda, kwamba imani yao hairuhusu majani ya chai wala kahawa. Uji, au maji ya moto yenye tangawizi, wapokee kwa mikono miwili.

Baiskeli ziwe na viraka, gundi na pampu: miiba ya migunga hutoboa tairi. Maji wachemshe, ila chumvi iliyomo haitoki kwa kuchemsha.