Jibu: U206G ya 1981 kwa bei hiyo, mnunue?

Mkuu, umesema wewe na wenzako watatu mmeonyeshwa ndege ndogo, Cessna U206G ya 1981, rangi mpya, viti vya ngozi, na mnauliza kama bei anayotaja mwenye nayo ni ya haki. Nilikuwa fundi wa ndege Arusha miaka mingi kabla sijaingia kwenye uthamini, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mwenyewe.

Rangi na viti naviangalia mwisho. Naanza na vitabu vya kumbukumbu: cha bodi, cha injini na cha propela, tangu ndege itoke kiwandani. Kitabu kimoja kikikosekana bei inashuka sana, maana kipande cha maisha ya ndege hiyo hakuna anayeweza kukithibitisha.

Kisha injini, na hapa ndipo pesa ilipo. IO-520-F ya Continental inayofungwa kwenye ndege hiyo, kiwanda kinashauri oveholi, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, kila masaa 1,700. Vitabu vya bei kama Vref na Aircraft Bluebook vinakupa pa kuanzia, halafu unaongeza au kupunguza. Chukulia oveholi inagharimu dola 51,000: kila saa ya injini ni dola 30. Ukipima kutoka katikati ya maisha yake, yaani masaa 850, injini yenye masaa 1,400 imepita katikati kwa masaa 550. Hapo unakata dola 16,500 kabla hujagusa kitu kingine. Na usihesabu masaa peke yake. Injini iliyokaa miaka bila kuruka huota kutu ndani, hata kama masaa yake ni machache.

Kuna 206 moja niliitwa kuithamini, inang'aa kama ya jana. Kitabu cha propela kilionyesha propela imebadilishwa ghafla, ya zamani ikiwa bado na masaa mengi. Kitabu cha injini, mwezi uleule, kimya. Nilimuuliza muuzaji mara tatu ndipo akakiri kwamba propela iligonga ardhi wakati wa kutua. Propela ikigonga hivyo, injini inatakiwa ifunguliwe yote ikaguliwe, na haikufunguliwa. Niliithamini kana kwamba inadaiwa oveholi nzima. Muuzaji alikasirika, lakini watu sita wangepanda ile ndege.

Uliza pia imelala wapi. Iliyokaa Mafia au Unguja nje ya hangari, fungua sakafu utazame kutu ya chumvi. Reli za viti nazo: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa agizo lake 2011-10-09, inataka zikaguliwe kila masaa 100 au miezi 12, na kila ukaguzi uwe umeandikwa.

Wengi wanachanganya kitu kimoja. Mthamini anakupa bei, hafungui injini. Kwa hilo tafuta fundi mwenye leseni asiyemhudumia muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote sita na achungulie ndani kwa kamera. Na nendeni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, mhakikishe aliyesajiliwa ndiye anayewauzia, na kwamba hakuna benki inayoidai ndege.

Mwombeni picha za kurasa zote za vitabu vitatu kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni. Akisita, niandikie hapa ametoa sababu gani.